Watu wa Mji Mdogo wa Atchison

Leo twavuka bahari mpaka Atchison, mji wa jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri, katikati ya Marekani. Wakaaji wake ni kama elfu kumi tu, lakini jina lake limefika mbali. Mwaka 1897 alizaliwa huko Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kurusha ndege peke yake juu ya bahari ya Atlantiki, mwaka 1932. Miaka mitano baadaye alipotea katika Pasifiki.

Lakini sisi watu wa Masisi na Walikale, huenda anayetuhusu zaidi ni mgeni wa mji huo: Wangari Maathai, mtoto wa wakulima wa Nyeri, Kenya, aliyezaliwa mwaka 1940. Kusoma kwake kulianza kwa swali la kaka yake Nderitu, aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kumzuia. (Wazazi, swali hilo bado halijaisha katika vijiji vyetu.) Akasoma kwa masista wa Mathari, kisha Loreto, Limuru.

Mwaka 1960 alisafiri kwa ndege pamoja na mamia ya vijana wa Kenya waliopewa nafasi ya kusoma Marekani. Njiani, katika jimbo la Indiana, yeye na wenzake walikatazwa kukaa mkahawani na kunywa soda, kwa sababu ni weusi. Hiyo pia ilikuwa Marekani. Huko Atchison alipokelewa na masista Wabenedikto, waliokuwako mjini tangu 1863, katika chuo chao cha Mount St. Scholastica. Akajifunza elimu ya viumbe, akapata shahada mwaka 1964. Mwaka 1971 chuo hicho kiliunganishwa na kile cha wanaume, kikaitwa Benedictine College.

Aliporudi kwao aliona vijito vimekauka, na akina mama wakitembea mbali kutafuta kuni. Basi, mwaka 1977 alipanda miti saba jijini Nairobi. Kisha akawafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche, nao wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Ikawa mamilioni ya miti. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, likaachwa. Mwaka 1999 alipigwa hata kutoka damu kichwani kwa ajili ya msitu wa Karura. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika.

Hapo ndipo habari yake inapofika kwetu. Mwaka 2005 wakuu wa nchi 11 walimteua kuwa balozi wa msitu wa bonde la Kongo, ambao Walikale ni sehemu yake. Naye mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa zaidi: milima yake mingi imekatwa miti kwa ajili ya malisho na makaa, na mvua ikinyesha udongo huteremka mpaka mto Lowa.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asizikwe katika sanduku la mbao. Wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji.