TB iliyolala: Ile ‘robo ya dunia’ ni kina nani hasa?

Mtu mmoja kati ya wanne duniani amewahi kuambukizwa bakteria wa TB. Takwimu hii huimbwa kila Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Lakini wasee, ni nani aliyewahesabu watu hao wote? Hakuna. Hii namba haikuhesabiwa, ilikadiriwa. Na jinsi inavyokadiriwa ndiyo huamua nani atapewa dawa mapema na nani atasubiri hadi akohoe damu.

Kwanza tuelewane. TB iliyolala si ugonjwa. Bakteria wameingia mwilini, kinga imewabana, hukohoi na humwambukizi mtu. Kati ya watu 100 walio hivyo, 5 hadi 10 hivi ndio wataugua maishani mwao. Ukiwa na HIV na hutumii dawa, hatari hiyo hupanda mara nyingi.

Sasa, mtu asiyeumwa haendi hospitali, kwa hivyo hayuko kwenye daftari lolote. Ndiyo maana wataalamu hupiga hesabu. Mwaka 1999 walisema theluthi ya dunia imeambukizwa. Mwaka 2016, Houben na Dodd wakarudia kwa data mpya na njia tofauti, wakapata asilimia 23, yaani watu kama bilioni 1.7.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii, na mimi sina. Tuseme mtaani kwenu watu 2 kati ya kila 100 ambao bado hawajaguswa huambukizwa kila mwaka. Kufikia umri wa miaka 10, karibu watoto 18 kati ya 100 watakuwa wameambukizwa. Wakifika miaka 25, ni 40. Wakifika 40, ni 55. Mtaa wenye hatari ndogo utatoa namba ndogo. Kwa hivyo umri wako na hewa unayovuta vina uzito kuliko ile robo ya dunia.

Angalia pengo lilivyo. Utafiti kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 89 walikuwa na maambukizi hayo. Marekani, uchunguzi wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulipata karibu asilimia 5. Dunia ni moja, lakini hao ni watu wa hali mbili tofauti kabisa. Ukiwachanganya upate wastani, wastani huo hautamfaa yeyote.

Halafu kuna shida ya vipimo. Kile cha ngozi, unadungwa mkononi na kurudi baada ya siku mbili au tatu uvimbe upimwe. Chanjo ya BCG, ile iliyotuachia wengi kovu mkono wa kushoto, inaweza kukifanya kidanganye. Kwenye uchunguzi huohuo wa Marekani, kati ya waliozaliwa nje ya nchi hiyo, kipimo cha ngozi kilipata takriban asilimia 20, lakini cha damu kikapata 16.

Kwa mwenye HIV kosa hugeuka. Kinga ikiwa dhaifu, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali bakteria wapo. Yaani kundi lililo hatarini zaidi ndilo linaloweza kuonekana salama. Ndiyo maana WHO inasema kipimo hiki kisiwe sharti la kumpa mwenye HIV dawa za kuzuia TB, wala mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa, mradi ihakikishwe kwanza kuwa hawaugui TB yenyewe.

Tena, kipimo husoma kumbukumbu ya kinga. Hakiwezi kukwambia kama bakteria bado wako hai au mwili ulishawamaliza kitambo.

Turudi nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2016 haukupima TB iliyolala, ulipima ugonjwa wenyewe. Kati ya kila watu wazima 100,000, 558 walikuwa nao. Kwa wenye miaka 25 hadi 34, ni 716. Mijini, 760. Na kwa kuwa wagonjwa ndio hueneza bakteria, usitarajie maambukizi fiche yamegawanywa sawa kati ya ploti ya vyumba 20 visivyo na madirisha na boma lenye upepo kule mashambani.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia “mmoja kati ya wanne”, uliza: wanne wa wapi? Wa umri gani? Walipimwa na nini? Na kama unaishi keja moja na mtu aliyepatikana na TB, usingoje takwimu. Nenda kituo cha afya ukachunguzwe, na uulizie dawa za kuzuia. Kuna zinazomezwa mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 12. Wewe si wastani wa dunia.