Chuma cha Mkoloni, Umeme wa LUKU

Mbezi Beach, jirani na Tangi Bovu, kuna gereji ambayo huu ni mwaka wa tatu haijaingia gari. Imekaliwa na mashine kongwe ya randa kutoka Uingereza, karibu tani moja. Vijana wanane waliishusha kwenye Canter, wakaisukuma juu ya mabomba. Haijaranda hata ubao mmoja. Mwenyewe, mzee mstaafu anayependa useremala, huipigapiga mgongoni kama ng'ombe: “Hiki ndicho chuma. Hivi vya Mchina ni makopo.”

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe.

Ushahidi wa wanaosema vya kale ni dhahabu ni mashine chache zinazozunguka mpaka leo. Hizo ndizo zilizopona. Zilizokufa zilikwenda skrepa zikayeyushwa. Pengine sasa ni nondo ndani ya kuta zetu. Na zilizopona hazikuponywa na uzito. Kwenye karakana za reli na viwanda vya mbao vya umma, kabla ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990, palikuwa na fundi mitambo mwenye grisi, stoo ya beringi na mnoa visu. Mnunuzi hupakia chuma tu. Hao wote hubaki nyuma.

Njoo kwenye umeme. Mota ya kiwandani hudai fezi tatu, volti 400. Nyumba zetu nyingi zina fezi moja, volti 230. Ama ubadili mota, ama uwaombe TANESCO wakuvutie laini nyingine. Gharama hiyo haitajwi siku ya kupatana bei. Bahari nayo iko jirani: safiri wiki mbili bila kuipaka mafuta meza ya chuma, utaikuta imeota kutu.

Kubwa zaidi ni vidole. Randa kongwe kabisa zina ngoma ya visu ya mraba, inayoacha mwanya mpana mezani. Mkono ukiteleza, humezwa. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku kwenye randa za kulishwa kwa mkono, kwa kanuni za mwaka 1922. Sisi tunaiita imara.

Sikatai kwamba chuma kizito humeza mtetemo. Ipeleke Keko, ipate fezi tatu na mafundi wa kuilisha kutwa, itajilipa. Lakini wewe wa kitanda kimoja na stuli mbili kwa mwaka, mbao zako zirandwe hukohuko zinakouzwa, ulipe, urudi nyumbani kwenye patasi, randa ya mkono na msumeno mwepesi wa kuchomeka ukutani.

Mwezi uliopita mzee alitaka rafu ya vitabu. Mbao za mninga alizipeleka kurandwa Africana, akaja kuziunganisha gerejini, juu ya ile mashine. Nakiri: kama benchi, haitikisiki.