Kasa wa Watamu na Muto Wetu



Mwezi huu ninataka kuwapeleka mbali, pahali ambapo wengi wetu hatujafika: kwenye bahari. Sisi watu wa Likasi, wa Kolwezi, wa Kipushi, tunajua shimo, tunajua mawe, tunajua vumbi ya barabara ya motokari kubwa. Bahari tunaisoma katika habari ya Yona na katika buku ya jiografia ya watoto. Mimi mwenyewe nilipita miaka 40 mbele ya kuiona kwa macho yangu. Lakini siandiki kwa kujisifu safari. Ninaandika kwa sababu kule nilipata ulizo moja lililonifuata mupaka nyumbani, na likanitia haya.

Nyumba ndogo pembeni ya bahari

Katika mwaka 2024 nilikuwa na mukutano wa kanisa kule Mombasa, katika inchi ya Kenya. Tulienda na basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, Tanzania, siku juu ya siku, mupaka miguu ikavimba. Mukutano ulipokwisha, ndugu aliyenipokea akaniambia: "Mchungaji, usirudi Kongo bila kuona kasa." Tukapanda motokari kwenda upande wa kaskazini, karibu kilometre 100 na kidogo, tukafika muji mudogo unaoitwa Watamu, mbele ya Malindi.

Kasa ni nani? Ni ndugu wa kobe, ule Wabemba wanamuita fulwe, lakini anaishi ndani ya bahari, na pahali pa miguu Mungu alimupa kama makasia. Wale wakubwa wanaweza kupita kilo 100. Kule Watamu kuko kituo kidogo cha kuwatunza na cha kufundisha watu. Shirika lake linaitwa Local Ocean Conservation. Lilianza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Usifikiri nyumba kubwa ya ajabu. Ni nyumba ya kawaida, na nyuma yake mabeseni makubwa ya maji yenye kivuli juu, sawa na wodi ya hospitali. Kila mugonjwa na beseni yake, kila mugonjwa na karatasi yake.

Nilipoingia nikauliza kijana wa kazi: "Kasa iko wapi?" Akacheka kwa upole: "Yuko, baba. Si iko." Nikamujibu: "Kwetu ni iko." Tukacheka sisi wawili, na kisha pale tulikuwa marafiki.

Mambo aliyonionyesha

Kijana yule akanieleza hivi. Katika bahari ya Kenya munaonekana aina tano za kasa. Kasa mwanamuke anapanda usiku juu ya muchanga, anachimba shimo, anatia mayai karibu 100 ao zaidi, anafunika, anarudi majini. Hawaoni watoto wake tena. Kisha siku karibu 60 watoto wanatoka na kukimbilia maji. Ndege wanawakula, kaa wanawakula, samaki wanawakula. Watu wa elimu wanakadiri kwamba katika 1,000 pengine mumoja tu anafika ukubwa. Na yule mumoja atangoje miaka 20, 30, hata kupita, mbele ya kuzaa. Basi ukimuua kasa mukubwa mumoja, hukuua nyama moja. Umeua miaka yote ile na wale 999 waliokufa njiani.

Tena kasa anavuta pumuzi sawa na sisi. Akifungwa ndani ya wavu chini ya maji, anakufa kwa kukosa hewa.

Kiisha akanipeleka kwenye beseni moja. Ndani yake kasa alikuwa anaelea juu, nyuma yake imeinuka, anapiga makasia na hawezi kuzama. Nikafikiri anacheza. Kijana akasema: "Hapana, baba. Huyu ni mgonjwa. Amekula plastiki." Sashe ikielea ndani ya maji inafanana na kiwavi-bahari, kile kiumbe laini ambacho kasa wengine wanakula. Anameza. Plastiki inafunga matumbo, gazi inajaa, na yeye anaelea. Hawezi kushuka kutafuta chakula. Anakufa na njaa juu ya maji, chakula kikiwa chini yake.

Nilisimama pale muda murefu. Njiani, mbele ya kufika Tunduma, nilikunywa maji ya sashe na kutupa sashe kwa dirisha la basi. Hakuna mutu aliyeniona. Nilijiona mwenyewe.

Muvuvi muzee

Sasa ninafika kwa jambo lenyewe. Wakati tulipokuwa pale, watoto wa masomo waliingia, karibu makumi tatu, pamoja na mwalimu wao. Na mutu aliyewapokea kwenye mulango, muzee mwenye kofia, hakuwa mufanyakazi wa kituo. Alikuwa muvuvi, babu ya mutoto mumoja kati yao.

Kule Watamu, tangu mwaka 1998, wavuvi wako na mapatano na kile kituo. Muvuvi akikuta kasa ndani ya wavu wake, anapiga telefoni. Watu wa kituo wanakuja, usiku ao muchana. Wanamupima kasa, wanamutia alama, na kama ni muzima wanamurudisha ndani ya sehemu ya bahari iliyochungwa na serkali tangu mwaka 1968. Kama ni mugonjwa anaingia beseni. Muvuvi anapata pesa kidogo kwa wakati wake na kwa wavu uliopasuka. Ni kidogo kuliko bei ya nyama na mafuta ya kasa kwa wale wanaouza kwa siri. Hata hivyo, kwa njia hii kasa zaidi ya 20,000 wamekwisha kuokolewa ndani ya nyavu.

Nikamuuliza yule muzee: "Muzee, mbele mulikuwa munafanya nini na kasa?"

Akasema: "Tulikula. Alikuwa nyama, kama nyama nyingine."

"Na sasa?"

"Sasa napiga simu."

"Lakini nyama ingekupa pesa zaidi."

"Ingenipa." Akanyamaza kidogo. "Kuna siku nilipiga simu, na nyumbani hakuna kitu. Siku ile mke wangu hakunisemesha mpaka usiku."

Nikamuuliza kwa nini basi alifanya vile. Akanionyesha wale watoto kwa kidevu. Akasema: "Mjukuu alikuja hapa na shule. Akarudi nyumbani, akaniuliza, babu, wewe unaua kasa? Ningemjibu nini? Na hawa watu wa hapa hawakuja kututukana. Walikaa na sisi chini, wakatuuliza kazi yetu. Mimi nimezaliwa na bahari ina kasa. Sitaki niiache haina."

Ndiyo yote aliyosema. Hakuhubiri.

Ulizo lililonifuata

Ndani ya basi ya kurudi nilikuwa na siku nyingi za kufikiri. Nilikuwa nimezoea kusema: mutu mwenye njaa hawezi kuchunga viumbe vya Mungu, kwanza ashibe. Sasa nilikuwa nimeona kwa macho mutu mwenye njaa ambaye alichunga. Basi ulizo likageuka: na mimi ninayekula kila siku, nimechunga nini?

Ninapashwa kuungama hapa, kwa maana wasomaji wa ukurasa huu hatufichane. Karibu na kanisa letu kunapita kijito. Wamama wanateka maji pale, watoto wanaoga. Juu yake, mwendo wa dakika kumi, vijana wanaosha mawe ya madini, na maji yanashuka mekundu na mazito. Bwana wa kazi ile, mwenye kununua mawe, ni shemasi wetu. Ni mutu muzuri. Mabati ya paa ya kanisa, nusu yake ni mukono wake. Nilijua mambo ya kijito miaka miwili, na nilinyamaza miaka miwili. Kila mara niliangalia juu, nikaona mabati.

Na siwezi kusema sikujua hatari. Katika mwaka 2009 watu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven ya Ubelgiji walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi sana ndani ya mukojo wa watu wanaokaa karibu na mashimo na viwanda vya Katanga, na kwa watoto kupita wakubwa. Wengi wetu tulisikia. Tukasema "Mungu atatuchunga," tukaenda kuteka maji.

Ilinichukua juma tatu kupata nguvu. Nikaenda kwake jioni, tukakula bukari na sombe. Kiisha nikamuelezea yule muzee wa Watamu. Akacheka. Nikamuambia: "Shemasi, mimi nimekukosea. Nimeona kijito na nimenyamaza kwa sababu ya mabati yako." Akaacha kucheka.

Akaniuliza kwa hasira: "Pasta, sasa unataka bana ya batu bakule nini?" Wapenzi, sikuwa na jibu. Nilimuambia sijui, lakini wamama wanakunywa nini? Tukaachana bila maombi.

Miezi miwili hakuja kanisani. Kiisha siku moja vijana wake wakaanza kuchimba shimo kubwa mbali na kijito. Sasa wanaoshea mawe ndani yake, na maji machafu hayarudi kijitoni. Haiko dawa kamili. Maji ya shimo nayo yanaingia udongoni, na juu zaidi kuko wengine wanaoosha sawa na zamani. Paa yetu ingali na mabati munane ya kukosa. Lakini shemasi amerudi, anakaa pahali pake, na tunasalimiana macho kwa macho. Kwa wale wa juu tutaenda sisi wawili.

Maji yetu yanaenda wapi?

Musiseme bahari ni mambo ya Wakenya. Chukua karta. Kijito chetu kinaingia Lualaba. Lufira ya watu wa Likasi inaingia Lualaba. Hata Kafubu ya Lubumbashi inashuka Luapula, inapita ziwa Mweru, mwisho inafika Lualaba. Lualaba kule Kisangani inapokea jina la Kongo, na Kongo inamwaga maji baharini karibu na Muanda, upande wa magaribi. Pwani ya inchi yetu ni ndogo, karibu kilometre 40 tu, lakini kasa wanapanda kule kutia mayai, na tangu mwaka 1992 kuko mbuga ya serkali ya kuchunga mikoko na viumbe vyake. Kasa wa Watamu hawanywi maji yetu. Wale wa Muanda ni wetu, na sisi tuko juu ya muto wao.

Kenya walikataza sashe za plastiki mwaka 2017. Inchi yetu nayo ilitia sahihi sheria ya namna ile mwisho wa mwaka ule ule. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, angalieni mifereji yetu. Sheria iko ndani ya karatasi. Mukono unaotupa ni wetu.

Vijana, mufungue Mwanzo, sura ya kwanza, musome polepole. Baraka ya kwanza iliyoandikwa ndani ya Biblia haikupewa mutu. Ilipewa viumbe vya maji na ndege, siku ya tano, mbele ya Adamu kuwako. Sisi tulikuja siku ya sita, tukawakuta wamekwisha kubarikiwa. Mwenye kuja nyuma haharibu vitu vya aliyemutangulia.

Ya kuzungumuza nyumbani

1. Maji munayotumia leo yanatoka wapi, na yakitoka kwenu yanaenda kwa nani?

2. Kuko jambo gani baya munaloliona na kulinyamazia kwa sababu ya faida munayopata?

3. Wazazi: mutoto akirudi na neno zuri kutoka masomo, munamusikiliza sawa na yule muzee, ao munamufukuza?

4. Juma hili, kila nyumba ichague kitu kimoja: sashe moja isiyotupwa, mufereji mumoja uliosafishwa, mutu mumoja wa kumuambia kwa upole. Andikeni kile mulichofanya, mutuletee kanisani.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.