Afisa wa kanuni apewe meno katika kampuni za fedha za simu

TANGU Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na MTN kuleta huduma ya namna hiyo hapa Uganda mwaka 2009, mamilioni ya watu wetu wameijua benki kwa simu tu. Hawamjui meneja, hawajawahi kupanga foleni dirishani. Karo ya mtoto, mauzo ya maharage, mchango wa msiba, vyote vinapita katika kile kisimu cha mfukoni.

Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza ni nani ndani ya kampuni hizi mwenye kazi ya kusema "hapana".

Kwenye karatasi mtu huyo yupo. Sheria ya Uganda ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013 inazitaka taasisi za fedha ziwajue wateja wao na zipeleke taarifa za miamala yenye kutia shaka kwa mamlaka inayojulikana kwa kifupi FIA. Kuna afisa anayetakiwa kusimamia mambo hayo. Swali langu ni kama mkubwa wake anamsikiliza.

Katika kampuni nyingi za teknolojia ya fedha, wafalme ni watu wawili: yule anayeleta wateja na yule anayetengeneza programu. Afisa wa kanuni huitwa mwishoni, mtambo ukiwa umeshawashwa na tangazo limeshatoka redioni, ili atie saini. Akisita anaambiwa anachelewesha biashara. Akiendelea kusita, anatafutiwa mwenzake aliye mwepesi wa kalamu.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Mwezi Julai 2025, mamlaka inayosimamia masuala ya fedha Uingereza iliitoza benki ya simu iitwayo Monzo faini ya pauni milioni 21. Benki hiyo ilikuwa imekua kutoka wateja kama 600,000 mwaka 2018 hadi zaidi ya milioni 5.8 mwaka 2022, lakini ukaguzi wa wateja haukukua nao. Ilibainika kuwa imefungua akaunti za watu walioandika kwamba anwani yao ni Buckingham Palace, na wengine 10 Downing Street. Yaani mtu anasema anaishi kwa Mfalme, na mtambo unamkaribisha! Hata baada ya kuzuiwa kupokea wateja wenye hatari kubwa, iliwapokea zaidi ya 34,000.

Kisa cha Binance, soko kubwa la sarafu za kidijitali, kinatisha zaidi. Novemba 2023 kampuni hiyo ilikiri makosa nchini Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4. Mwanzilishi wake, Changpeng Zhao, alikiri kwamba hakuweka mfumo madhubuti wa kuzuia fedha chafu, akajiuzulu, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miezi minne. Rais Donald Trump alimsamehe Oktoba 2025. Lakini mimi namtazama mtu mwingine katika kesi hizo: Samuel Lim, aliyekuwa mkuu wa ufuataji wa sheria katika kampuni hiyo. Mamlaka ya Marekani ilimshtaki kwa kusaidia ukiukaji uleule aliopaswa kuuzuia, naye akakubali kulipa dola milioni 1.5.

Mlinzi wa lango ndiye aliyekuwa anawaonyesha watu pa kurukia ukuta. Cheo alikuwa nacho, na kilikuwa kikubwa.

Turudi nyumbani, kwenye mikopo ya simu. Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kupigiwa simu na kijana mwenye hasira akidai deni la mtu unayemfahamu kwa mbali. Mimi nimepigiwa mara mbili, kwa deni la fundi aliyewahi kunitengenezea mlango. Sikuwa mdhamini wake. Namba yangu ilikuwamo tu katika simu yake, na kampuni ikaikomba pamoja na nyingine zote alipobonyeza "kubali".

Hilo si kosa la yule kijana wa kupiga simu. Kuna siku watu walikaa mezani wakaamua programu yao ichukue majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji. Siku hiyo afisa wa kanuni alikuwa wapi? Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Kenya ilipata ya kwake mwaka huohuo. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

Kenya ililazimika kubadili sheria ya Benki Kuu mwezi Desemba 2021 ili wakopeshaji hao wawe na leseni. Septemba 2023, kamishna wa ulinzi wa taarifa nchini humo aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa watu wengine. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ikazifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sitini na tisa! Hatua hizo ni njema, ila zilikuja baada ya watu kuaibishwa mbele ya wakwe, mabosi na waumini wenzao.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mabenki makubwa, na kwamba kampuni changa ya vijana kumi ikibebeshwa maafisa wa kanuni itakufa kabla ya kutambaa. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Lakini watazame M-Pesa yenyewe. Ilipoanza hapakuwa na sheria ya malipo ya simu. Safaricom ilikwenda kwanza Benki Kuu ya Kenya, ikapewa barua ya kutokuwa na pingamizi, na fedha za wateja zikawekwa katika akaunti ya amana benki, mbali na mali ya kampuni. Mwishoni mwa mwaka 2008, John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Wengi waliona mkono wa mabenki nyuma ya agizo lile. Ukaguzi ukafanyika, na mapema mwaka 2009 serikali ikatangaza kwamba huduma ni salama.

Kama daftari zingekuwa ovyo siku ile, pengine leo tungekuwa bado tunatuma pesa kwa dereva wa basi.

Nchi nzima nayo hulipa. Uganda ilikaa tangu Februari 2020 hadi Februari 2024 katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia fedha chafu. Katika kikao kilekile tulichotolewa, Kenya ikaingizwa. Nchi ikiwa humo, mabenki ya nje huongeza maswali, na mfanyabiashara mdogo anayengoja malipo yake hucheleweshwa bila kuambiwa sababu.

Nionavyo mimi, Benki Kuu zetu zisitosheke kuuliza kama afisa huyo yupo. Zitake awe na njia ya kwenda moja kwa moja kwenye bodi ya wakurugenzi bila kupita kwa mkurugenzi mtendaji, na mshahara wake usifungwe na idadi ya wateja wapya. Asiwe pia ndiye mwanasheria wa kampuni, wala shemeji wa mwenye kampuni. Kampuni changa zisizomudu afisa wa peke yao zinaweza kushirikiana mmoja, mradi awe na uwezo wa kusimamisha huduma.

Na akiondolewa, kampuni iandike barua kueleza kwa nini, naye apewe nafasi ya kuandika ya kwake. Barua hizo mbili zikilazwa pamoja kwenye meza ya mkaguzi, zitamweleza mengi kuliko ripoti ya mwaka yenye picha za rangi. Ningependa Benki Kuu ya Uganda ianze kwa kutuambia ni maafisa wangapi wa namna hii wameacha kazi katika kampuni za fedha za simu miaka mitatu iliyopita, na waliacha kwa sababu gani.