Barazani Kwetu: Hofu ya Kalamu

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya ugonjwa mmoja usio na dawa katika zahanati, nao ni hofu ya kuandika. Wengi wetu twajua kusoma na kuandika. Twaandika majina ya wabatizwa, hesabu ya sadaka, na barua fupi ya kuomba ruhusa. Lakini mtu akituambia, "Mwalimu, tuandikie habari za wazee wetu," mara mkono huwa mzito kama uliofungiwa jiwe. Sisi tunaoandika maneno haya tuliugua hofu hiyo miaka mingi, na twapenda kuwaeleza jinsi tulivyopata nafuu.

Asili ya hofu yetu twaijua. Tulipokuwa watoto shuleni, mwalimu mmoja alitutaka tuandike insha ya habari za safari. Nasi, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwetu ni Kimakonde, tukaandika "habali" na "safali". Mwalimu akaisoma mbele ya darasa vile vile tulivyoiandika, darasa zima likacheka, kisha akaturudishia daftari limejaa wino mwekundu. Hatumlaumu sana, maana labda naye alifundishwa hivyo. Walakini tangu siku ile, kila tuliposhika kalamu ili kuandika neno letu wenyewe, tulikisikia kicheko kile.

Basi ilikuwako kazi moja iliyotungoja. Mama yetu mzazi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji. Vita vya kuwaondoa Wareno vilipoanza huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964, watu wengi wa Cabo Delgado walikimbia makwao, wakavuka mto kuja upande wetu. Mama alikuwa binti mdogo, akavuka usiku kwa mtumbwi pamoja na wazazi wake. Nyanya yake hakuweza kwenda, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa, akabaki. Tulimwahidi mama ya kuwa tutaziandika habari hizo ili wajukuu wazisome. Tuliahidi tukiwa vijana. Sasa tumepita miaka arobaini, naye amezeeka, na siku nyingine humwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Daftari tulikuwa nalo, tulilinunua Mtwara mjini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari, na chini yake hapakuwa na neno.

Ndipo kijana mmoja wa kwaya alipotuambia ya kuwa ziko kozi za uandishi wa kubuni zinazofundishwa kwa njia ya mtandao, mwanafunzi yu kwake na mwalimu yu mbali. Zamani mtu aliyetaka elimu ya namna hiyo alingoja bahasha za posta. Siku hizi maneno hupita katika nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, nazo zilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kisha minara huyarusha hewani hata yakafika katika simu ya mtu. Tuliuza jogoo mmoja tupate kununua vifurushi vya mtandao. Na kwa kuwa nyumbani kwetu hapa Ziwani simu haishiki vema, kila jioni tulikwenda kukaa chini ya mkorosho ulio karibu na barabara, watoto wakituangalia kwa mshangao.

Kozi ilikuwa ya majuma sita. Wenzetu walikuwa watu wa Tanga, wa Nairobi, hata mmoja aishiye Muscat mwenye Kiswahili kitamu cha Unguja. Tulipomsikia tuliona haya, tukataka kuacha. Lakini siku ya kwanza mwalimu alimtaka kila mtu aseme aogopacho, na yule wa Muscat akasema, "Mimi naogopa kuchekwa na ndugu zangu." Mwingine, mtu wa elimu kubwa, alisema ya kuwa kwa miaka tisa hakumaliza hata hadithi moja. Tukastaajabu. Tulikuwa tumedhani hofu hiyo ni ya mtu mwenye "habali" na "safali" peke yake, kumbe ni ya wote.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi kulisikia. Andika dakika kumi bila kuinua mkono, bila kufuta, bila kurudi nyuma kusoma. Ukikosa neno, andika ya kuwa umekosa neno, uendelee. Mwalimu alitueleza ya kuwa zoezi hili lilienezwa na Mmarekani mmoja, Peter Elbow, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Sababu yake ni hii: kuandika ni kazi mbili, kutoa maneno na kuyahukumu. Mtu akizifanya zote mbili pamoja, hakimu humnyamazisha shahidi kabla hajasema. Nasi wakulima twalijua jambo hili. Hakuna apandaye na kupalilia kwa saa moja. Akijaribu, atang'oa mbegu zake mwenyewe.

Zoezi la pili lilisema: chagua chombo kimoja cha nyumbani, ukiandike. Nyumbani kwetu kiko chungu kidogo cheusi, kilichovuka Ruvuma usiku ule. Twakiheshimu sana, na siku ya sikukuu hupikiwa mboga ya mama. Tukaandika ya kuwa nyanya yake mama alimpa chungu hicho kiwe ukumbusho, akambariki, nao wakaagana kwa machozi. Hayo hatukuambiwa na mtu. Tuliyadhani tu, kwa kuwa ndivyo hadithi nyingi zisemavyo. Tena makosa ya herufi yalikuwamo, kwa maana tuliandika bila kufuta.

Zoezi la tatu lilitutaka tumsomee mtu mmoja tumwaminiye. Tukamsomea mama, jioni, akiwa amekaa mkekani anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama juu ya ungo. Kisha akasema, "Sivyo, mwanangu. Hakunipa. Mimi ndiye niliyekichukua. Kilikuwa chungu chake cha kupikia, hakuwa na kingine. Tulimwachia unga, tukachukua chungu."

Hatukuwa na la kujibu. Miaka yote tulikuwa tukila katika chungu kile kwa furaha, na mama akitazama, wala hakusema. Labda mtu atauliza, kwa nini hakusema zamani? Twaona ni kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sisi tulingoja kwanza tupate maneno mazuri, ndipo tuandike. Lakini zile karatasi mbaya, zenye makosa na uongo wa kupamba, ndizo zilizomfanya mama atusahihishe. Ukurasa mtupu hausahihishwi na mtu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwafikiri watu waliotutangulia. Katika shule ya Kiungani, Unguja, walikuwako vijana waliokombolewa utumwani, Wayao na wengine wa makabila ya bara. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Hata hivyo waliandika kwa Kiswahili jinsi walivyokamatwa, na jinsi walivyouzwa. Na mwalimu wao, A. C. Madan, akayafasiri maandiko hayo kwa Kiingereza, yakapigwa chapa London mwaka 1887. Mwaka uliofuata shule hiyo ikaanza kupiga chapa gazeti lake, Msimulizi, lenye habari zilizoandikwa na Waafrika wenyewe. Na ng'ambo ya Ruvuma, huko Unangu, kasisi Yohana Abdallah aliandika habari za kabila lake kwa Kiyao, na kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilitolewa mwaka 1919. Vijana wale wangalingoja hata hofu iwaishe, leo tungewajua kwa hesabu ya walionunuliwa tu, wala si kwa maneno yao.

Sasa twasema na ninyi walimu wenzetu, na ninyi wazazi.

Walimu, mtoto anapoandika habari ya kwao, isomeni kwanza kama habari. Jibuni yale aliyoyasema: ng'ombe alipatikana? bibi amepona? Kisha, siku nyingine, mwonyesheni "habali" na "habari", naye atajifunza kwa moyo mkunjufu. Hatusemi makosa yaachwe. Twasema tu yasiwe salamu ya kwanza.

Wazazi, wekeni daftari moja la nyumba. Kila juma mtoto mmoja amwulize mzee neno moja, lililo dogo: chombo gani, njia gani, chakula gani siku ile. Swali kubwa humchosha mzee, lakini chungu au jembe humfungulia mlango. Kisha asomewe yaliyoandikwa, apate kuyarekebisha. Na mzee akisema, "Hili lisiandikwe," basi lisiandikwe. Habari ni zake.

Na mwenye kutaka kozi ya mtandaoni, na atazame vema kabla ya kutoa fedha. Wako wauzao ahadi ya sifa na utajiri kwa majuma machache, hao waepukeni. Kozi iliyo njema itawatia kazini, itawapa wenzenu wa kusomeana, tena haitaficha ya kuwa hofu hairuki mara moja. Ya kwetu haikuisha. Hata sasa, tunapoandika safu hii, kile kicheko cha darasani twakisikia kwa mbali. Ila sasa twaendelea kuandika huku tukikisikia.

Mwisho tuwaambie yaliyokuwa juu ya daftari letu. Baada ya jioni ile tulikaa siku tatu hatuandiki, tukimwonea mama huruma. Hata siku ya nne tukamwuliza, "Mama, habari ya chungu tuiandike kama ulivyosema, au tuiache?" Akanyamaza kitambo, akikitazama pale jikoni kilipofunikwa. Akasema, "Andika. Wajukuu wajue." Tukaenda kulitwaa daftari. Tulipofika mlangoni akatuita tena.

"Na unga uandike, mwanangu. Usisahau. Unga tulimwachia."

Tumeuandika.