Anexe ya Kasapa: karatasi kwanza, tofali nyuma

Mwezi wa tano ukifika na mvua ikikatika, Kasapa inageuka shantye. Kwa kila avenyi utakuta rundo la tofali za kuchoma, mchanga umemwagwa mbele ya mlango, na vijana wanachimba fondasio nyuma ya nyumba. Mtu aliyepata prime, mtu aliyelipwa dekonti ya mwisho, mtu aliyerudi kutoka Kolwezi na mafranga kidogo mfukoni, wote wana wazo moja: kuongeza vyumba viwili mu lupango, kimoja cha watoto, kingine cha kupangisha. "Anexe njo pensheni yangu," njo vile bantu banasema. Mimi ninawaunga mkono. Lakini kazi ya mwanasendika ni kulinda jasho la mfanyakazi hata kisha kutoka mgodini, na anexe nyingi zinazosimama hapa kwetu zinajengwa kwa namna ambayo jasho hilo linaweza kupotea siku moja tu.

Kwanza tuelewe kwa nini Kasapa inajenga hivi. Kartye yetu iko katika komine Annexe, ile komine kubwa inayozunguka muji wa Lubumbashi kama mukaba. Hapa ndipo kuna kampisi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wanafunzi wanatoka Likasi, Kolwezi, Kamina, Kalemie, hata Kasai, na nyumba za kampisi haziwaenei wote. Kisha kuna wafanyakazi wa migodi wanaoacha familia hapa na kwenda kazi kwa zamu. Wote wanatafuta chumba. Kwa hiyo mwenye lupango ya Kasapa anajua: ukijenga vizuri, mpangaji hatakosekana.

Sababu ya pili ni ya zamani, na sisi watu wa mgodi tunaijua kuliko wengine. Tata zetu walilala mu nyumba za kompani. Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, iliamua katika miaka ya 1920 kumkalisha mfanyakazi pamoja na bibi na watoto katika kambi, ili asikimbie. Gécamines ikaendeleza desturi hiyo: nyumba, hospitali, masomo, unga. Ilikuwa msaada, lakini pia ilikuwa kamba, kwa sababu nyumba ilifuata kazi. Mwaka 2003 na 2004 ikaja ile Opération Départs Volontaires, kwa mafranga ya Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaenda nyumbani kwa mara moja. Wengi wao mafranga yalikwisha haraka. Waliobakia na nyumba wangalau walikuwa na mahali pa kuanzia: wengine walipangisha vyumba, wengine walijenga nyuma, wakaishi hivyo.

Tangu hapo tumeona mengine. Mwisho wa mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka, kompani nyingi zikafunga milango, watu wakarudishwa nyumbani. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje, na mwezi wa kumi ikaweka kota. Serikali ilikuwa na sababu yake, kuinua bei. Lakini mfanyakazi wa sous-traitance mwenye kontra ya miezi sita alijiuliza swali moja tu: je, kontra itafanywa upya? Mgodi hauna huruma na kalenda ya mtu. Kwa hiyo kuwa na chumba cha kupangisha si anasa. Ni njia ya mfanyakazi kujipa ulinzi ambao hakuna mtu mwingine anayempa.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kosa kubwa ninaloona kwa wenzangu ni kuanza na tofali. Mtu ananunua lupango kwa mwenyeji fulani, anapewa karatasi yenye kashe ya kartye na sahihi za mashahidi, anafurahi, anajenga nyumba. Kisha miaka mitano anaongeza anexe. Lakini sheria ya udongo ya nchi yetu, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema wazi: udongo ni mali ya Serikali, na raia anapata haki ya kuutumia kwa njia ya concession. Karatasi ya kuuziana inaonyesha tu kwamba ulimpa mtu mafranga. Haki yenyewe inakuja na contrat ya Serikali, na mwisho wake na certificat d'enregistrement. Setifika hiyo ikipita miaka miwili bila mtu kuishitaki, haki iliyoandikwa ndani haivunjwi tena kirahisi. Njo pale mutu anaweza kulala usingizi.

Angalia matokeo ya kugeuza mambo. Ukiongeza vyumba viwili juu ya lupango isiyo na setifika, umeongeza bei ya lupango, kweli. Lakini umemwongezea nani? Lupango yenye nyumba nzuri na karatasi mbaya inavuta macho. Siku mtu mwingine atakuja na karatasi ya juu kuliko yako, atakuta umekwisha kumjengea. Kesi za malupango zinajaza ma tribinali ya muji huu, na mara nyingi anayeshindwa ni yule aliyejenga sana na kuandikisha kidogo.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: mafranga ya kwanza ya anexe yaende kwa kadastre na kwa ofisi ya ma titre immobilier. Kisha yaende kwa ruhusa ya kujenga, kwa sababu anexe pia inaombewa ruhusa, si nyumba kubwa peke yake. Kama yaliyobakia yanatosha chumba kimoja badala ya viwili, jenga kimoja. Chumba kimoja chenye karatasi kina thamani kuliko vitatu vinavyosimama juu ya maneno ya mdomo.

Jambo la pili ni kuchora kabla ya kuchimba. Si lazima arshitekti mkubwa. Chukua daftari ya mtoto, pima lupango kwa hatua, weka ndani yake vitu vilivyokwisha kuwapo: nyumba, kisima, choo, mti wa maembe, mlango wa barabara. Halafu jiulize maji ya mvua yanapita wapi. Huku kwetu mvua inapiga tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu ao wa ine, na udongo wetu mwekundu unageuka potopoto. Anexe ikifunga njia ya maji, maji yataingia kwako ao kwa jirani, na kesi itaanza. Angalia pia choo kiwe mbali na kisima, maana mpangaji mupya ni watu wapya wanaotumia choo kile kile. Shimo lililochimbwa kwa watu sita halitabeba watu kumi na wawili. Na uache nafasi ya kupita ili siku choo kikijaa kiweze kutolewa. Nimeona malupango ambamo anexe imejaza kila kitu mpaka watoto hawana pa kucheza na mama hana pa kuanika nguo. Pale umeongeza vyumba, lakini umepunguza nyumba.

Tofali zetu nyingi zinatoka kwenye udongo wa kichuguu, na ni tofali nzuri zikichomwa sawasawa. Lakini wale wadudu waliojenga kichuguu hawajahama. Watakula miti ya paa yako kama hukuitia dawa na kama hukuinua fondasio. Tofali iliyoiva nusu itakunywa maji na kupasuka mwaka wa pili. Simenti nyingi inapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Malori yakikwama mpakani, bei inapanda. Anayenunua mifuko wakati wa kiangazi analipa bei ya chini kuliko anayeikimbilia mwezi wa kumi akiwa na ukuta usio na mabati. Kanuni ya masoni wazee ni rahisi: ukuta ambao hautapata paa kabla ya mvua, usiuanze mwaka huu.

Jambo la tatu ni hesabu. Tuchukue mfano tu. Tuseme vyumba viwili vinakugharimu dola 3,000 mpaka mlango na dirisha, na kila chumba kinapangishwa dola 40 kwa mwezi. Kwa mdomo ni dola 960 kwa mwaka. Lakini wanafunzi wanaenda likizo, na chumba kinaweza kulala bure miezi miwili: inabakia 800. Toa rangi, kufuli, kitasa, kutoa choo, sehemu ya SNEL na REGIDESO, na kodi ya mapato ya kupangisha inayodaiwa na jimbo. Ukibakiwa na 600, basi mafranga yako yanarudi kisha miaka mitano. Ni biashara nzuri kwa mtu aliyejenga na akiba yake. Kwa mtu aliyekopa kwa Banque Lambert, anayerudisha mara mbili kwa mwezi, ni kaburi. Hakuna chumba cha Kasapa kinachoweza kulipa deni la namna ile. Usiweke mshahara wote rehani kwa ajili ya ukuta.

Jambo la ine wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Anexe inajengwa na mafranga ya mshahara, lakini pia inajengwa na bibi aliyeuza makala, aliyepika pondu bila nyama mwaka mzima, aliyewapa masoni maji na chakula. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwezi wa saba 2016, inataka bibi na bwana wakubaliane kabla ya kuuza concession ya nyumba. Sheria iko, lakini kama karatasi zimefichwa kwa ndugu, ao kama ndoa haikuandikishwa, siku baba amekufa mgodini jamaa wanaingia na kufuli. Sendika inaona mambo haya kila mwaka: matanga hayajaisha, mama na watoto wako inje. Andikisha ndoa kwa komine. Onyesha bibi mahali setifika ilipo. Hiyo pia ni sehemu ya kujenga.

Na tukishakuwa wenye nyumba, tusisahau tulikotoka. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Hata vile, hapa Kasapa utasikia mfanyakazi wa mgodi anamdai mwanafunzi miezi sita, na hampi risiti. Mchana anapiga kelele mbele ya patroni kwamba kontra iandikwe na haki iheshimiwe. Mangaribi anamfukuza mpangaji bila barua. Mtu hawezi kudai sheria kwa mlango wa kompani na kuiacha kwa mlango wa lupango yake. Mwandikie kontra, mpe risiti, garanti ibaki miezi mitatu. Mpangaji aliyeheshimiwa anakaa, na chumba kinachokaliwa ndicho chenye faida.

Najua jibu nitakalopewa. "Kamarade, karatasi ni bei. Ukienda ofisini, kila meza inaomba kitu. Mimi nina dola 1,500, nikianza na karatasi sitajenga kamwe." Jibu hilo si uongo. Njia ni ndefu, na mtu peke yake anachoka. Lakini dawa ya bei kali si kuacha karatasi, ni kwenda pamoja. Sisi watu wa sendika tunajua jambo moja vizuri: mtu mmoja anaomba, watu hamsini wanazungumza. Wafanyakazi hamsini wa kartye moja wakiita jeometre kwa siku moja, wakiweka dosie zao pamoja na kuchagua mtu mmoja wa kuzifuata, bei inashuka na meza zinakaa sawa.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. La kwanza kwa sendika zenyewe: tunapojadiliana convention collective, tusiishie kwa prime na mifuko ya unga. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inatambua kwamba nyumba ya mfanyakazi, ao indemnité ya logement, ni jambo la patroni pia. Tudai mkopo wa nyumba wenye riba ndogo, unaokatwa kidogo kidogo, na sehemu ya kwanza ya mkopo huo ilipwe moja kwa moja kwa karatasi za lupango. La pili kwa kompani: mfanyakazi mwenye paa lake anakuja kazini na akili tulivu, na siku ya kuagana hatabeba familia yake mpaka kwenye lango lenu. La tatu kwa jimbo na kwa komine Annexe: bandikeni bei za kila karatasi kwenye ukuta wa ofisi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili raia ajue anachodaiwa na sheria na anachodaiwa na mtu.

Kiangazi ni kifupi. Anayefikiria kujenga mwaka huu, afungue kwanza ile bahasha iliyo chini ya godoro, asome jina lililoandikwa ndani na kashe iliyowekwa. Kama haimtoshi kusimama mbele ya tribinali, mchanga ungoje.