Kanuni za programu na mtandao wa Mpanda
Wahandisi wa programu nao wana mashehe wao. Mmarekani Robert C. Martin aliandika mwaka 2000 juu ya kanuni ambazo baadaye zilikuja kuitwa SOLID, na leo kijana anayeomba kazi Dar es Salaam huulizwa hizo tano kama mtoto wa madrasa anavyoulizwa nguzo za dini. Sizibezi, programu iliyogawanywa vizuri hurekebishika kwa urahisi. Ila hazisemi lolote kuhusu mtandao kukatika. Huku Katavi, ambako Mpanda mjini kwenyewe kulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, kanuni ninayoiheshimu ni ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mhudumu anahamisha jumla za mwezi kutoka vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za kituo cha afya, kwenda kwenye fomu ya kompyuta, kisanduku kinageuka kijani tarakimu ikihifadhiwa, na intaneti ikipotea kazi yake inabaki ndani ya kompyuta hadi mtandao urudi. Aliyeamua hivyo alimfikiria mtu wa mbali. Ipo mifumo mingine ambayo ukifika ukurasa wa mwisho inakudai nywila upya, na yote uliyojaza yamekwenda na maji. Ukilalamika unaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao wa huku unasumbua siku zote, jamani, kosa ni la mbunifu aliyejifanya halijui hilo. Basi ndugu zangu wahandisi, kabla ya kutuletea mfumo mpya, uzimieni intaneti katikati ya kazi muone unafanya nini.